Wimbo Usioimbika

Hebu niambie wewe unayesoma: mzee wa miaka sitini na sita, asiyejua kusoma hata jina lake mwenyewe, akikutwa na karatasi ya nyimbo za kwaya mkobani, utamfunga kwa kosa gani?

Sajenti Verdiana alikuwa anajiuliza swali hilo tangu Jumatatu, na leo ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, na jibu hana. Alikaa kwenye kiti cha mbao chenye mguu mmoja mfupi, mguu uliowekewa kipande cha gunia kilichokunjwa mara nne ili kisiyumbe, nacho bado kiliyumba. Mezani palikuwa na kikombe cha chai iliyokwisha poa, jalada la ng'ombe ishirini na sita walioibwa Msowero, na ile karatasi.

Karatasi yenyewe ilichanwa katikati ya daftari la shule. Upande wa mbele ziliandikwa nota za kuimbia, do, re, mi, fa, so, la, ti, kwa herufi moja moja kama wanavyoandika watu wa kwaya. Nyingine zilikuwa na kijialama juu, maana yake sauti ya juu. Nyingine kijialama chini, maana yake sauti ya chini. Vijistari vya wima viliwekwa kuzigawa nota katika vizimba. Upande wa nyuma ulikuwa vilevile, isipokuwa mkono ulikuwa wa mtu mwingine, mkono mzito, uliobonyeza kalamu mpaka karatasi ikatokeza matuta. Jina la wimbo halikuwepo. Maneno ya kuimba hayakuwepo.

Mlango ulisukumwa. Aliingia Inspekta Melkizedek, mkuu wake wa upelelezi, kijana wa miaka ishirini na tisa, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama.

"Sajenti, basi la Morogoro linaondoka saa nane kamili. Mzee Jilala anapanda nalo."

"Afande, bado hatujajua karatasi inasema nini."

"Inasema wizi. Ng'ombe wa Seni wameondoka Msowero Alhamisi ya wiki iliyopita. Jumatatu, mzee wa huko huko Msowero anashuka kwenye treni hapa Kilosa, anatoka Mikumi, mkobani ana alama za siri. Unataka nini tena? Wakuimbie?"

"Ndiyo, afande. Ningependa mtu aniimbie."

Inspekta alimtazama kuona kama anataniwa. Hakupata uhakika, akaangalia saa yake.

"Akishafika Morogoro, mwaka utaisha yuko mahabusu," Verdiana alisema. "Na kule Msowero watu wameshaanza kuzungumza habari ya kuchoma nyumba yake."

"Basi afungue mdomo. Nani kamkataza?"

Hapo Inspekta alikuwa na haki, na ndiyo maana Verdiana alizidi kuudhika. Aliichukua karatasi akaenda nyuma, kwenye selo.

Kwenye benchi la ukumbini walikaa watu wawili, kila mmoja mwisho wake. Mmoja alikuwa Seni, mwenye ng'ombe, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, suruali ya mtumba yenye marinda, anagongagonga goti lake kwa vidole vinne, moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne. Alikuwa anakuja kila siku kuuliza kesi yake imefika wapi. Wa pili alikuwa Fabiola, mjane wa kaka yake Seni, amefunika chupa ya uji kwa kitambaa. Uji ule alimletea mzee Jilala, maana mzee hakuwa na mtu Kilosa. Kila Verdiana alipomuuliza kama ana shida nyingine, alijibu, "Hapana mama, nimeleta uji tu."

Seni alisimama. "Shikamoo afande. Mzee anaondoka leo?"

"Marahaba. Kaa chini."

Seni hakukaa. Alisogea mpaka kwenye nondo za selo, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Jilala kutoka ndani, akamtazama kijana yule muda mrefu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Seni alirudi kwenye benchi.

Verdiana aliingia, akachuchumaa mbele ya mzee. Jilala alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo umenyooka, fimbo yake wamemnyang'anya, kwa hiyo mikono hakujua aiweke wapi.

"Shikamoo mzee. Leo ni mara ya tano nakuuliza. Hii karatasi nani alikupa?"

"Marahaba. Mwenyewe yupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo. Akisikia niko ndani, atakuja kusema ni yake."

"Siku ya tano hii, mzee. Amekuja?"

Jilala alifikiri. "Kusema, bado."

"Mzee wangu, saa nane unapelekwa Morogoro. Kule hawatakuuliza kwa upole kama mimi. Nitajie jina, jina moja tu, nikuachie uende kwa ng'ombe zako."

"Mwanangu, mimi nilikwenda Mikumi kumwona binti yangu Paulina, amejifungua. Mtu akanambia, mzee, unakwenda huko, nichukulie karatasi hii ya kwaya, umpe fulani, akikujibu niletee. Nikasema haya. Nikapeleka. Yule akageuza, akaandika nyuma, nikaleta. Mtu akikutuma, unamrudishia yeye mkononi. Humpigii mbiu polisi."

"Hata akikuacha ufungwe?"

"Hajaniacha. Hajaja tu."

Verdiana aliinuka huku magoti yanalia. Alitamani kuupiga teke ule mlango wa chuma, lakini alikuwa amevaa viatu vipya.

Mtu pekee aliyebaki wa kuisoma karatasi ile ni mzee Onesphory. Huyu alipiga simu za maandishi kwa miaka thelathini na mmoja katika stesheni ya Kilosa, zile za nukta na mistari, na siku za Jumapili aliimba besi kanisani. Alikaa kwenye nyumba za reli, mlango wa tatu kutoka kwenye tangi la maji. Mkewe alikuwa ameanika dagaa kwenye bati, na mzee alikuwa kwenye kigoda anafukuza kuku kwa gazeti.

"Shikamoo mzee."

"Eh?"

"Shikamoo!"

"Sisikii sikio hili. Hamia huku."

Verdiana alihama. "SHIKAMOO MZEE!"

"Marahaba. Usinipigie kelele. Hujambo?"

"Sijambo. Mzee, nina karatasi..."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Karatasi hii..."

"Baba yako, yule wa Kimamba, mguu umepona?"

"Umepona, mzee. Basi la saa nane..."

"Na mama? Watoto? Wanasoma?"

"Wote wazima, mzee, wanasoma, wanakula, wanalala!"

"Sasa mbona una hasira?" Mzee Onesphory alitikisa kichwa. "Watu wa siku hizi hamjui kuingia kwa mtu. Mtu hasemi neno kabla ya salamu. Lete hiyo karatasi."

Alivaa miwani iliyofungwa uzi, akasoma kizimba cha kwanza, akasafisha koo, akaimba. So. Ti ya juu. Re. Fa. La ya chini. Do. Mi. Mi. Kuku walikimbia. Mkewe alichungulia kutoka jikoni.

"Baba Tekla, unaumwa?"

"Naimba!"

"Haya."

Aliimba kizimba cha pili, cha tatu, halafu akaiweka chini karatasi kana kwamba imemtukana. "Huu si wimbo. Ng'ombe akikanyaga kinanda ndiyo inatoka hivi. Hakuna koo la binadamu linaloruka kutoka so kwenda ti ya juu likaanguka kwenye re. Na hesabu ya mapigo hakuna: kizimba hiki nota nane, hiki sita, hiki nne. Huyu aliyeandika nota anazijua, lakini hakuandika ziimbwe."

"Kwa hiyo kila nota ni herufi?"

"Polepole. Una haraka kama treni ya mizigo." Alichora mistari mavumbini kwa kidole. "Watu wa mashamba ya katani walikuwa wananiletea simu za mafumbo nipige, washindani wao wasijue. Mimi ninazipiga, sizielewi, lakini nilijifunza. Kuficha maandishi kuna njia kubwa mbili. Ya kwanza, herufi unaziacha zilezile ila unazihamisha viti. Abiria ni walewale, aliyekuwa behewa la kwanza sasa yuko la nne. Ya pili, kila abiria anakaa kwenye kiti chake, ila amevaa nguo za mtu mwingine. Tuseme A anavaa nguo ya re, M anavaa nguo ya fa. Umenifuata?"

"Nimekufuata."

"Na ile orodha ya nani kavaa nguo ya nani, hiyo ndiyo ufunguo. Anayetuma anayo, anayepokea anayo. Mchukuzi aliye katikati hana. Ukimkamata mchukuzi umekamata kikapu."

"Hilo nimelisema tangu Jumatatu," Verdiana alijibu, "mkuu wangu hataki kusikia."

Nguo za mwingine zilikwisha onekana, maana nota si herufi. Lakini mzee Onesphory alikuwa mtu wa kufuata taratibu: alisema huenda wameficha mara mbili, wamevalisha kisha wakahamisha viti. Akaanza kusoma vizimba kinyumenyume. Akasoma moja akaruka moja. Akasoma kutoka chini kwenda juu. Saa nne ikapita. Akaomba maji. Akaomba kalamu nyingine, hii inakwaruza. Saa tano ikagonga kwenye kengele ya stesheni.

"Mzee, naomba tuhesabu," alisema Verdiana.

"Nilikuwa nakuja huko."

Walihesabu, yeye akitaja na mzee akichora vijiti. Mbele na nyuma, nota mia moja na kumi na tano. La ya chini peke yake ilitokea mara ishirini na tatu. Iliyoifuata, do, mara kumi na tano.

"La ya chini inarudi kama mlevi anavyorudi kilabuni," alisema mzee. "Katika maneno yetu, herufi gani inarudi hivyo?"

"A."

"Bila shaka A. Chukua gazeti lolote uhesabu. Sasa tazama miisho. Vizimba viko kumi na tisa. Vinaishia na nota ngapi tofauti?"

Verdiana alipitisha kidole. La ya chini. Mi. Nyingine, nyingine, nyingine. Akarudia kuhakikisha. "Tano tu."

"A, e, i, o, u. Maneno yetu karibu yote yanafunga kwa hizo. Kwa hiyo kila kizimba ni neno zima, na viti havikuhamishwa. Mjinga huyu! Ameficha herufi, halafu akaweka vijistari kuonyesha neno linaanzia wapi na kuishia wapi."

"Ni mazoea ya kwaya," alisema Verdiana. "Hawezi kuandika nota bila kuweka mistari."

"Basi tuseme A tunayo. Bado herufi ishirini na kitu. Tutajaribu moja moja. Tutamaliza kama Jumapili, baada ya misa."

"Jumapili!"

"Usinipigie kelele."

Verdiana alisimama, akazunguka bati la dagaa mara mbili. Jumapili! Nusu saa nzima imeliwa na habari za mguu wa baba yake, na mama, na watoto wanasoma, kwa sababu mzee huyu hawezi kuanza kazi kabla ya...

Alisimama palepale.

"Mzee. Hivi wewe ukimwandikia barua mkubwa wako, unaanzaje?"

"Swali gani hilo? Nampa shikamoo."

"Hata kama barua ni ya haraka?"

"Hata kama nyumba inaungua. Nitamwamkia, ndipo niseme inaungua."

"Hata kama ni barua ya wizi?"

Mzee Onesphory alivua miwani. Akaivaa tena. Wakainama pamoja juu ya kizimba cha kwanza cha mbele, kile kilichofukuza kuku.

"Nota nane," alisema Verdiana. "Shikamoo ni herufi nane. Mbili za mwisho ni O na O. Hapa mbili za mwisho ni mi na mi. Na ya tano, A, ipo?"

"La ya chini," alisema mzee, sauti imeshuka. "Ya tano ni la ya chini."

"Geuza. Nyuma ni majibu. Mtu akiamkiwa hujibu nini?"

Kizimba cha kwanza cha nyuma nacho kilikuwa na nota nane: do, la ya chini, re ya juu, la ya chini, ti ya juu, la ya chini, fa ya juu, la ya chini. Kila ya pili ni A. Verdiana aliandika chini yake, herufi kwa herufi, neno marahaba, nalo lilikaa kama mguu kwenye kiatu chake. Tena M ya marahaba ilikuwa do, na M ya shikamoo ilikuwa do ileile. H hapa ti ya juu, H kule ti ya juu.

"Mama Tekla!" aliita mzee. "Njoo uone wezi wenye adabu!"

Sasa walikuwa na herufi tisa, na tisa zikavuta nyingine. Neno la pili la mbele lilikuwa M, kitu, O, M, B, A. Mjomba. Wakapata J. Neno la mwisho la mbele, ambalo lilikuwemo na nyuma, lilikuwa J, kitu, M, A, M, O, S, I.

"Jumamosi," alisema Verdiana. "Kesho."

Aliandika haraka mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Palipokuwa na O, M, B katikati aliona ng'ombe. Ng'ombe akampa N na E, na hizo zikamfungulia mengine. Saa sita na robo, maandishi yote yalikuwa wazi. Mbele yalisema hivi: Shikamoo mjomba. Ng'ombe wote wamefika? Mjane anasumbua. Wauze Jumamosi. Nyuma: Marahaba mpwa. Wamefika. Wako nyuma ya tanuru. Lori Jumamosi asubuhi.

"Kaa unywe chai," alisema mzee Onesphory.

"Nitarudi kunywa."

"Hata kuaga?"

"Kwaheri mzee! Kwaheri mama!" Alikuwa ameshafika kwenye tangi la maji.

Inspekta Melkizedek aliisoma mara moja, akatabasamu. "Si nilikwambia? Alama za wezi. Sasa tuna ushahidi kamili wa kumfunga mzee. Hongera, Sajenti."

Verdiana alivuta pumzi kwa pua, akaitoa kwa mdomo.

"Afande, soma neno la kwanza."

"Shikamoo."

"La pili."

"Mjomba."

"Aliyeandika mbele ana mjomba aliye hai, tena mwenye nguvu za kupakia ng'ombe kwenye lori. Aliyejibu anamwita mpwa. Mzee Jilala ana miaka sitini na sita. Mjomba wake atakuwa na mingapi?"

"Anaweza kuwa na mjomba mdogo."

"Twende tukamuulize."

Walikwenda. Jilala aliinua uso.

"Mzee, una wajomba?"

"Ninao?" Mzee alishangaa kuulizwa. "Wa mwisho tulimzika Shinyanga kabla ya vita vya Kagera. Mimi siku hizi namwamkia nani? Mimi ndiye ninayeamkiwa."

Inspekta aliitazama tena karatasi, akasema, "Na hajui kuandika."

"Hilo nalo nililisema Jumatatu, afande."

Verdiana alirudi ukumbini. Seni alikuwa ametoka kununua sigara. Mwisho wake wa benchi ulikuwa mtupu. Fabiola alikuwa palepale, chupa mapajani. Verdiana alikaa karibu yake, goti kwa goti.

"Mama Fabiola. Kule Msowero wajane wako wangapi?"

"Wengi, mama."

"Anayesumbua habari za ng'ombe?"

Fabiola aliitazama chupa. Alifunga kifuniko ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. "Nani amesema nasumbua?"

"Karatasi imesema."

"Mimi niliuliza mara mbili tu. Marehemu mume wangu aliacha ng'ombe, na watoto wanne. Ng'ombe wakachanganywa zizini kwa shemeji, wachungwe pamoja. Nikauliza, shemeji, wa watoto ni wepi? Akasema tutahesabu baada ya mavuno. Baada ya mavuno nikauliza tena. Wiki ile ile wakaibwa." Alifuta mdomo kwa ncha ya kitenge. "Wote. Wake na wa watoto. Nikasema basi, tumepata hasara sote."

"Shemeji yako ana mjomba?"

"Anaye. Yuko Mikumi, karibu na barabara kuu. Anachoma matofali."

"Na nota za kwaya, Msowero nani anazijua?"

"Si huyo huyo? Seni ndiye mwalimu wetu wa kwaya. Alifundishwa na mjomba wake, zamani, huko Mwanza."

Verdiana alikuwa ameshasimama.

Simu ya upepo iliita Mikumi mara saba kabla ya mtu kujibu, na aliyejibu alitaka arudiwe kila neno mara mbili. Tanuru. Ta-nu-ru. La matofali. Hapana, si duka la matofali. Ng'ombe, ndiyo, ng'ombe, nyuma yake. Inspekta alimpokonya kipaza sauti akasema yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Wakakaa kusubiri. Saa saba na nusu konda wa basi la Morogoro alikuja kuuliza kama abiria wa polisi yupo.

"Yupo," alisema Inspekta kwa mazoea, kisha akamtazama Verdiana. "Asubiri kidogo."

"Afande, basi langu halisubiri. Siku hizi mabasi ni mengi, wenzangu watanilia abiria."

"Nimesema subiri!"

Saa nane kasoro dakika tano simu ilikwaruza. Ng'ombe ishirini na sita wamekutwa nyuma ya tanuru, wamekatiwa majani. Mzee mwenye tanuru amekamatwa anakula. Kwenye kitabu chake cha nyimbo wamekuta karatasi, upande mmoja herufi zote, upande wa pili nota, kila herufi na nota yake.

"Ufunguo," alisema Verdiana.

Inspekta Melkizedek alikunja hati ya kumsafirisha Jilala, akaitia mfukoni, akatoka kumwambia konda aende. Aliporudi alikuwa na Seni, amemshika mkono juu ya kiwiko. Seni alikuwa bado ana sigara isiyowashwa.

"Mimi ndiye niliyeibiwa," Seni alikuwa anasema. "Afande, mimi ndiye mlalamikaji! Nimeletwa hapa kwa lipi?"

Verdiana aliweka mbele yake karatasi aliyoandika yeye, ya maneno wazi. Seni aliisoma. Vidole vyake vinne vikaacha kugonga.

"Mjomba amekwisha sema," aliongeza Inspekta, ingawa mjomba alikuwa hajasema neno.

"Ng'ombe walikuwa ni wa ukoo," alisema Seni, sauti ndogo. "Mwanamke akiolewa kwingine atawahamisha wote. Nilikuwa nawahifadhi."

"Kwa lori?" aliuliza Verdiana. "Na wewe ukija hapa kila siku kuuliza mzee anaondoka lini?"

Fabiola alikuwa amesimama mlangoni. Aliiweka chupa chini, taratibu, akaegemea ukuta.

Koplo wa zamu alifungua selo, akamkabidhi mzee Jilala fimbo yake, mkoba wake, na mshipi wake. Mzee alihesabu vitu vyake, akafunga mshipi, akatoka akichechemea kwa kukaa sana. Alipofika mbele ya Seni alisimama.

Seni aliinama, kwa mazoea ya maisha yake yote. "Shikamoo, mzee."

Verdiana alisikia kuku wa nyuma ya kituo wakiparura. Jilala hakuitikia. Seni alibaki ameinama, hajui kama ainuke au asiinuke, uso umemwiva.

"Ulikuja Jumanne," alisema Jilala mwishowe. "Nikasema, leo atasema. Ulikuja Jumatano, ukaniamkia, nikakuitikia, nikasema, anatafuta namna. Jana nikasema, anaona haya mbele ya watu, ngoja watu wapungue. Leo asubuhi umekuja mpaka kwenye nondo, uso kwa uso. Huyu binti wa polisi amenisihi mpaka magoti yamemuuma. Jina lako lilikuwa hapa." Aligusa koo lake kwa kidole. "Sikulitoa."

"Nisamehe, mzee."

"Sikuwa nataka uniombe msamaha. Wala kutoka humu ndani sikuwa na haraka nako sana, nimeshalala pabaya kuliko hapa." Alikaza mkono kwenye fimbo. "Nilichokuwa nataka, Seni, ni wewe uje pale mlangoni, useme mwenyewe kwa mdomo wako, mzee huyu mwachieni, karatasi ni yangu. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka."